Kutu Isile Mtaji: Jinsi ya Kutunza Pikipiki Wakati wa Masika na Kipupwe

Kutoka Vanga hadi Kombani, siku ya mwendeshaji wa bodaboda haisubiri mvua ipite. Mwanafunzi lazima afike shuleni, mama mjamzito afikishwe zahanati, na samaki waliovuliwa usiku wafike sokoni kabla jua halijapanda. Ndiyo maana kuanzia Machi, masika yanapoingia, hadi Agosti, kipupwe kinapokaribia kwisha, pikipiki nyingi katika Kaunti ya Kwale hufanya kazi kwenye matope, madimbwi na upepo wenye chumvi kwa miezi sita mfululizo.

Matope kila mtu huyaona na huyaosha. Kutu ni tofauti, kwa sababu huanzia mahali pasipoonekana: ndani ya ala ya waya wa breki, chini ya kifuniko cha tanki, kwenye viungo vya cheni na upande wa chini wa bomba la moshi. Inapojitokeza nje, mara nyingi ndani kumeshaharibika.

Hasara yake ni ya aina mbili. Ya kwanza ni ya mfukoni. Pikipiki nyingi za kazi hununuliwa kwa mkopo unaolipwa kila siku au kila wiki, na siku inayopotea kwa fundi ni siku ambayo deni halikulipwa na nyumbani hakukupelekwa kitu. Ya pili ni ya uhai. Waya wa breki ulioliwa na kutu unaweza kukatika bila dalili ambayo mwendeshaji angeiona kwa haraka. Ukikatika kwenye mteremko wa kutoka mjini Kwale kushuka Kombani, barabara ikiwa na utelezi na abiria yuko nyuma, hakuna nafasi ya kujuta.

Habari njema ni kwamba kinga yake haihitaji vifaa vya bei kubwa. Brashi, vitambaa vikavu, oili ya gia, grisi kidogo, maji safi na dakika chache jioni vinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi hii.

Kwa nini Pwani kutu huja haraka

Chuma hushika kutu kinapokutana na maji na hewa kwa pamoja. Kikikosa kimojawapo, kutu haiendelei. Chumvi si lazima iwepo ili kutu ianze, lakini huharakisha kazi hiyo mno, kwa kuwa maji yenye chumvi hupitisha umeme kwa urahisi kuliko maji matamu, na kutu huenea kwa mwendo huo mdogo wa umeme juu ya chuma.

Kuna jambo la pili ambalo kila jiko la Pwani linalijua. Kopo la chumvi likiachwa wazi wakati wa kusi, chumvi hulowa yenyewe bila kumwagiwa maji, kwa sababu hunyonya unyevu kutoka hewani. Ndivyo inavyokuwa kwenye pikipiki. Chumvi iliyokauka juu ya rimu au spoki huonekana haina madhara mchana. Usiku unyevu ukipanda, hulowa tena na kutu huendelea na kazi huku mwenyewe amelala.

Upepo wa kusi huvuma kutoka baharini kuanzia mwezi wa Aprili na kupata nguvu zaidi kati ya Juni na Agosti. Huo ndio wakati ambapo mawimbi ni makubwa na matone madogo ya maji ya bahari hubebwa hadi nchi kavu. Pikipiki inayolala Diani, Gazi, Shimoni au Vanga hupata chumvi hata kama haikukanyaga ufuo. Ya Kinango hupata chumvi kidogo, lakini hubeba udongo unaonata, nao ukikaa juu ya chuma huhifadhi maji kwa siku kadhaa kama sponji.

Si kutu nyekundu pekee ya kuangaliwa. Sehemu za alumini, kama vile kifuniko cha injini, hutoa unga mweupe. Huo nao ni dalili kwamba chumvi imeshaanza kula.

Kuosha kwa utaratibu

Kosa la kwanza ni kumwagia maji baridi pikipiki ambayo imetoka safari sasa hivi. Injini na bomba la moshi vikiwa na moto mkali, maji baridi yanaweza kupinda au kupasua chuma. Pikipiki ipumzike hadi mkono uweze kugusa injini bila kuungua.

Kabla ya kuanza, mdomo wa bomba la moshi na tundu la ufunguo vifunikwe kwa karatasi ya plastiki au kitambaa. Matope yalainishwe kwanza kwa maji ya mwendo wa polepole, hasa chini ya vikinga tope, chini ya injini na kwenye chuma kinachoshika gurudumu la nyuma. Kusugua matope makavu hukwaruza rangi, na kila mkwaruzo ni mlango wa kutu.

Sabuni iwe laini. Sabuni ya maji iliyochanganywa na maji mengi inafaa kuliko sabuni kali ya unga, ambayo huondoa nta ya rangi pamoja na oili kwenye viungo. Baada ya sabuni, maji ya kusuuza yawe mengi, kwa sababu sabuni iliyobaki nayo hushika unyevu.

Mashine za kuoshea kwa nguvu, ambazo sasa ziko kwenye vituo vingi vya kuosha magari, zitumiwe kwa uangalifu. Maji ya nguvu yakielekezwa katikati ya gurudumu husukuma mchanga na maji hadi kwenye beringi na kuosha grisi iliyomo. Yakielekezwa kwenye kabureta, swichi au betri, matatizo ya kuwaka hufuata. Mwenye pikipiki ana haki ya kumwambia anayeosha asogeze bomba mbali na sehemu hizo.

Pikipiki ikishaoshwa ipanguswe kwa kitambaa kikavu, kisha iendeshwe mwendo mfupi huku breki zikibanwa taratibu mara kadhaa ili zikauke. Kuegesha pikipiki ikiwa bado inadondosha maji ni kuiachia kutu usiku mzima.

Angalizo kuhusu maji ya kisima

Katika vijiji vingi vilivyo karibu na bahari, maji ya visima yana chumvi. Anayeyanywa huijua ladha yake. Mwendeshaji anayeosha pikipiki kila siku kwa maji hayo anaweza kudhani anaitunza, kumbe kila yakikauka huacha chumvi mpya.

Suluhisho si kuacha kuosha. Maji ya kisima yanaweza kutumika kuondoa matope, mradi mkupuo wa mwisho uwe wa maji matamu: ya mfereji, au ya mvua yaliyokingwa kwenye paa. Wakati wa masika, mtungi mmoja wa lita 20 wa maji ya mvua unatosha kusuuza pikipiki ikiwa yatamiminwa kidogo kidogo kutoka juu kwenda chini. Maji ya bahari au ya mkono wa bahari yasitumike kabisa.

Kuosha pikipiki ndani ya mto au kijito pia kuepukwe. Oili na mafuta yanayotoka humo huingia kwenye maji yanayotumiwa na watu na mifugo walio chini ya mkondo, na Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inakataza kuchafua maji.

Cheni haitaki oili chafu

Cheni ndiyo sehemu inayoteseka zaidi wakati wa mvua. Maji huosha oili, mchanga huingia kwenye viungo, na mchanga uliochanganyika na oili husaga chuma kama msasa. Cheni iliyochakaa humaliza pia meno ya sproketi, na mwishowe vyote hununuliwa kwa pamoja.

Cheni isafishwe kwa brashi na mafuta ya taa kidogo, kisha ipanguswe hadi ikauke. Petroli isitumike, kwa kuwa mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo tu. Injini izimwe kabisa na pikipiki isimamishwe kwa stendi ya katikati, gurudumu likizungushwa kwa mkono. Kusafisha cheni huku injini ikiwaka na gia imeingia ni njia ya haraka ya kupoteza vidole.

Baada ya hapo, oili ya gia nzito ya daraja la 90 idondoshwe upande wa ndani wa cheni, pale inapopita chini, ili mzunguko uisukume kuelekea nje na kuingia kwenye viungo. Oili inayozidi ipanguswe, maana huvuta vumbi. Wakati mzuri ni jioni baada ya kazi, ili oili ipate usiku mzima wa kupenya.

Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini haifai kazi hii, ingawa ni ya bure. Ina chembe za chuma na asidi zilizotokana na kuungua kwa mafuta, na vyote hivyo huongeza ulaji badala ya kuuzuia.

Wakati wa ukavu, kupaka oili kila baada ya kilomita 500 hivi kunatosha kwa pikipiki nyingi za kazi. Mwendeshaji anayekwenda kilomita 100 kwa siku hufikia kiwango hicho ndani ya siku tano. Wakati wa masika, asisubiri hesabu hiyo: siku iliyonyesha ni siku ya kupaka oili. Ulegevu wa cheni pia uangaliwe. Kwa pikipiki nyingi za kazi, cheni hutakiwa kucheza milimita 20 hadi 30 inapoinuliwa katikati, lakini kipimo cha kitabu cha pikipiki husika ndicho cha kufuatwa.

Breki na waya zake

Waya wa breki na wa klachi hupita ndani ya ala. Maji yakiingia kwa juu, hutulia humo. Dalili ya kwanza ni ugumu: mkono wa klachi unahitaji nguvu zaidi, au kanyagio la breki halirudi haraka. Wengi huzoea ugumu huo na kuendelea na kazi. Inafaa ala idondoshewe oili nyepesi kutoka juu hadi ianze kuonekana chini. Waya ambao nyuzi zake zimeanza kukatika usifungwe wala kuungwa, bali ubadilishwe siku hiyo hiyo.

Breki za drami, ambazo ndizo za nyuma kwenye pikipiki nyingi za kazi, hupoteza nguvu zikiingia maji. Baada ya kupita dimbwi refu, mwendeshaji abane breki taratibu mara kadhaa huku akienda polepole, hadi ahisi zinashika. Angalau mara moja katika msimu, fundi afungue drami na kutoa matope yaliyoganda.

Oili, grisi au nta isipakwe kamwe kwenye diski, ndani ya drami au kwenye tairi, hata kama nia ni kuzuia kutu. Wekundu mwepesi unaotokea juu ya diski baada ya usiku wa mvua huondoka wenyewe breki zikitumika mara chache.

Tanki, kabureta na umeme

Waendeshaji wengi hununua mafuta kidogo kidogo kulingana na kipato cha siku. Tanki linalokaa karibu tupu lina nafasi kubwa ya hewa, na hewa hiyo ikipoa usiku, unyevu wake hugeuka matone kwenye kuta za chuma. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hushuka chini na kukaa hapo. Matokeo yake ni kutu ndani ya tanki, ambayo humeguka na kuziba kabureta. Anayeweza kujaza nusu tanki au zaidi kabla ya kuegesha, hasa pikipiki inapolala siku kadhaa, atakuwa amepunguza tatizo hilo.

Vifuniko vya urembo vinavyovalishwa tanki na kiti vina madhara yake. Maji ya mvua huingia chini yake na hayakauki. Kifuniko kivuliwe baada ya mvua, chuma kipanguswe, na kirudishwe kikiwa kikavu. Vivyo hivyo, pikipiki isifungwe kwa plastiki usiku. Mahali penye paa na hewa pana manufaa zaidi kuliko plastiki inayofungia jasho.

Vichwa vya betri vikitoa unga mweupe au wa kijani, vifunguliwe, vikwanguliwe kwa brashi, vikaushwe, kisha vipakwe jeli nyepesi ya mafuta. Kwa pikipiki za umeme, sehemu za kuunganishia betri ziangaliwe kila zinapobadilishwa na zisiunganishwe zikiwa zimelowa au zina mchanga.

Wanaobeba samaki

Kundi hili linahitaji uangalifu wa pekee. Maji yanayodondoka kutoka kwenye kikapu cha samaki yana chumvi, na hushukia moja kwa moja kwenye spoki, cheni, drami na bomba la moshi. Pikipiki inayopanda kila asubuhi kutoka Gazi au Shimoni na mzigo huo inaweza kushika kutu nyuma huku mbele ikingali mpya.

Kikapu kiwekwe ndani ya kreti au ndoo isiyovuja, juu ya kipande cha turubai kilichokunjwa kingo. Mzigo ukishateremshwa, sehemu ya nyuma isuuzwe kwa maji matamu kabla ya safari inayofuata, wala si jioni. Maji yaliyokwisha kukauka yameshaacha chumvi yake.

Maji yakifunika barabara

Mvua za El Nino za mwishoni mwa mwaka 2023 na mafuriko ya masika ya 2024 yalionyesha Wakenya wengi jinsi maji yanavyoweza kukata barabara kwa saa chache. Maji yanayokwenda kwa kasi yasivukwe, hata yakionekana mafupi. Hakuna nauli inayolingana na uhai wa abiria.

Pikipiki ikizama, isipigwe kiki wala kubonyezwa swichi ya kuwasha. Maji yakiwa ndani ya silinda, injini inaweza kuvunjika inapojaribu kuzunguka. Plagi ifunguliwe, chujio la hewa litolewe na kukaushwa, kabureta imwagwe, na oili ya injini ikaguliwe. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imechanganyika na maji na lazima imwagwe yote kabla injini haijawashwa.

Kutu ikishaingia

Kupaka rangi juu ya kutu hakuizuii, huificha tu. Sehemu iliyoathirika isuguliwe kwa msasa hadi chuma kionekane, ipanguswe, ipakwe rangi ya kwanza ya kuzuia kutu na, ikikauka, rangi ya kawaida. Kwenye spoki, nati na bolti, brashi ya waya na oili nyepesi hutosha kutu ikiwa bado ya juu juu.

Kutu iliyo kwenye maungio ya fremu, kwenye chuma kinachoshika gurudumu la nyuma au karibu na sehemu zilizochomelewa ni jambo la fundi mwenye ujuzi. Chuma kinachobonyea au kumeguka kinapogongwa kidogo hakifai kubeba mtu. Kabla ya kuchomelea, betri itolewe.

Ratiba rahisi ya msimu wa mvua

Kila jioni: matope yaondolewe, pikipiki isuuzwe kwa maji matamu na kukaushwa. Cheni ipakwe oili kama kumenyesha. Taa na namba ya usajili zipanguswe.

Kila wiki: cheni isafishwe na ulegevu wake upimwe. Waya za breki na klachi, stendi na vikanyagio vidondoshewe oili. Spoki, bolti na betri zikaguliwe.

Kila mwezi: chujio la hewa lisafishwe, kabureta imwagwe maji yaliyotulia, rangi iliyokwaruzika irekebishwe na rimu zipakwe nta.

Masika yanapokwisha: fundi afungue drami na magurudumu, akague beringi na kuweka grisi mpya kabla ya upepo wa kipupwe kushika kasi.

Wajibu wa pamoja

Sheria ya Trafiki inamtaka mwenye chombo kukitunza katika hali isiyohatarisha watu barabarani, na breki mbovu si udhuru kwamba mvua ilikuwa kubwa. Oili iliyomwagwa ikusanywe kwenye mtungi na kupelekwa kwa fundi au kituo kinachoipokea, isimwagwe kwenye mtaro.

Kwa upande mwingine, chini ya Katiba, barabara za kaunti na mifereji ya maji ya mvua mijini ni majukumu ya serikali ya kaunti. Waendeshaji ndio wa kwanza kuona daraja dogo lililobomoka au mtaro ulioziba, kwa hivyo wanahimizwa kutoa taarifa mapema kwa msimamizi wa wadi, wakieleza mahali hasa na hali ilivyo.

Steji nyingi zina utaratibu wa kuchangiana mwenzao anapougua au kufiwa. Utaratibu huo huo unaweza kununua brashi, mtungi wa maji ya mvua na kopo moja la oili ya gia kwa matumizi ya wote, na anayeondoka wa mwisho jioni akaangalia kama pikipiki ya mwenzake bado inadondosha maji.